Kuhifadhi picha za wazee katika albamu ya kutengeneza kwa mkono, kwa hewa ya Visiwani

Picha ya harusi ya bibi yangu mzaa mama niliiharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa picha ya nyeusi na nyeupe, ndogo kuliko kiganja, na kwa zaidi ya miaka ishirini ilikaa ndani ya albamu ya kurasa za kunata, zile zenye mistari ya gundi na utando wa plastiki wa kufunikia juu. Nilitaka kuitoa ili niiweke mahali pazuri zaidi, nikaingiza ukucha chini ya pembe yake, nikavuta. Ilitoa sauti ndogo ya kuchanika, na nilipoitazama nikakuta pindo la kisutu alichojifunga bibi limebaki kwenye ukurasa, na mahali lilipokuwa pamegeuka peupe. Hakuna picha nyingine ya siku ile.

Tangu hapo nimeshika kanuni moja, na maelezo yote yanayofuata yamesimama juu yake: picha ya kumbukumbu isifanyiwe jambo lolote lisiloweza kutenduliwa. Isigandishwe kwa gundi, isikatwe ili itoshe, isiandikwe kwa wino, wala isifungiwe ndani ya kitu ambacho kuifungua ni kuichana. Picha ikae ndani ya albamu kama mgeni alivyokaa kitini, akitaka kuinuka anainuka bila nguo yake kunasa.

Inafaa kwanza kuelewa picha imefanyika kwa kitu gani, kwa sababu ukishalielewa hilo, makatazo mengi utayajua bila kuambiwa. Picha za zamani za nyeusi na nyeupe, za aina waliyopigwa wazee wetu katika studio kama Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zina tabaka. Chini kuna karatasi, na juu yake kuna utando mwembamba wa jelatini ulioshika chembe ndogo mno za fedha, na chembe hizo ndizo macho yetu huziona kuwa sura ya mtu. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, kwa hiyo kwa ukungu na kwa wadudu utando huo ni chakula. Aidha, jelatini hunywa unyevu wa hewa. Ikinywa sana huvimba, hulainika na kuanza kunata, na ikigusana na kioo au plastiki katika hali hiyo hushikana nacho kabisa. Ndiyo sababu picha nyingi zilizotundikwa kwenye fremu bila nafasi kati yake na kioo haziwezi tena kutolewa zikiwa nzima.

Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zina udhaifu wa namna nyingine. Sura iliyomo ndani yake imetengenezwa kwa rangi za kemikali, wala si kwa fedha, na joto huzififisha rangi hizo hata zikiwa gizani. Aghalabu ile ya samawati hutangulia, ndipo watu wote pichani wakaonekana wekundu wekundu kana kwamba wamepigwa jua la magharibi. Rangi iliyokwisha kuondoka hairudi, ila ile iliyobaki inaweza kucheleweshwa.

Wataalamu wa uhifadhi hupendekeza picha zikae katika hewa yenye unyevu kati ya asilimia 30 na 50, na huonya kwamba ukivuka kiasi cha asilimia 65 kwa muda, ukungu huanza kuota. Unguja na Pemba, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, unyevu hupita asilimia 80 mara kwa mara, na juu ya hayo kuna chumvi ya bahari inayokutusha kila chuma. Kwa hiyo mashauri ya nchi za baridi na ukavu hatuwezi kuyachukua yote kama yalivyo, na nitakapofika mahali ambapo hali yetu inadai njia nyingine nitaieleza.

Nakala kwanza

Kabla ya kuigusa picha kwa chombo chochote, ipigie nakala mahali pale ilipo, hata kama bado imenasa kwenye albamu mbovu. Skana ya kawaida ya mezani inatosha. Kwa picha ndogo tumia nukta 600 kwa inchi au zaidi. Asiye na skana atumie simu, lakini aiweke picha juu ya meza karibu na dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, aishike simu sambamba na meza, na azime taa ya simu, kwani mwanga wake hurudi kutoka kwenye uso wa picha na kuacha doa jeupe. Piga na upande wa nyuma pia. Nakala ziwekwe mahali pawili tofauti, na pawili hapo maana yake ni nyumba mbili, kwa sababu moto au maji yanayoifikia simu yatakifikia na kisanduku kilicho kando yake.

Osha mikono kwa sabuni na uikaushe barabara kabla ya kuanza kazi. Sisi wanawake, tunaopaka mafuta ya nazi au kutia hina, tusilichukulie hili kuwa jambo dogo. Alama ya kidole chenye mafuta haionekani siku ile, ila baada ya miezi hujitokeza kuwa doa la kimanjano lisilofutika. Picha ishikwe kwa kingo, au kwa glavu safi za pamba.

Kuzitoa picha katika kurasa za kunata

Nalikalia jambo hili kwa sababu albamu za aina hiyo ziliingia nyumba nyingi, na kwa sababu hapa ndipo mkono wenye haraka unapoleta hasara. Gundi ya kurasa hizo kwa miaka hubadilika: baadhi ya sehemu hukauka zikaachia zenyewe, na sehemu nyingine hushika zaidi kuliko siku ya kwanza. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na hali zote mbili.

Funua kwanza utando wa plastiki, polepole, ukiulaza nyuma juu ya wenyewe badala ya kuuvuta kwenda juu. Pakitokea mahali utando umeshikana na uso wa picha, simama. Kata utando kuzunguka mahali hapo kwa mkasi mdogo, uiache ile sehemu ilivyo. Picha yenye kipande cha plastiki juu yake ni bora mara mia kuliko picha isiyo na uso.

Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, ule usiotiwa ladha wala rangi, kiasi cha urefu wa mkono. Tafuta pembe ya picha iliyolegea, pitisha uzi chini yake, ushike ncha mbili kwa mikono miwili, na uende nao kushoto na kulia kama anayekata kwa msumeno, uzi ukiwa umelala juu ya ukurasa na si ukielekea juu kwenye picha. Uzi ndio unaotembea; picha isikunjwe hata kidogo. Kila baada ya sentimita mbili tatu pumzika na utazame. Niliporudi kuzitoa picha zilizobaki katika albamu ile ya bibi, kila moja ilinichukua karibu nusu saa, na kumi na saba zilitoka salama.

Ikiwa uzi haupiti, elekeza kikausha nywele kilichowekwa kwenye joto la chini kabisa nyuma ya ukurasa, si mbele ya picha, kwa sekunde chache, kisha jaribu tena gundi ikiwa bado laini. Ikiwa hata hivyo haijaachia, acha. Kata ukurasa kuizunguka picha na uihifadhi pamoja na kipande hicho mgongoni mwake. Maji, petroli, mafuta ya taa na thina visikaribie kazi hii. Nimemsikia mtu akishauri mvuke wa birika, na nakusihi usifanye hivyo, maana mvuke huilainisha jelatini kabla ya kuilainisha gundi.

Picha iliyotoka na utando wa gundi mgongoni isiwekwe juu ya nyingine. Ilaze kifudifudi juu ya karatasi safi, na mgongoni weka karatasi ya kuokea mikate, ambayo gundi haiishiki.

Vumbi, ukungu na picha zilizojikunja

Vumbi huondolewa kwa brashi laini ya manyoya, kutoka katikati kwenda kwenye kingo. Kitambaa hukwaruza, na mate, ambayo wazee wetu wengi waliyatumia kwa nia njema, huacha alama.

Ukungu ndio unaotaka tahadhari kubwa. Picha iliyoota ukungu itenge na wenzake siku hiyo hiyo, uiweke kivulini mahali penye upepo hadi ukungu ukauke na kuwa unga. Usiufute ukiwa mbichi, kwa kuwa utaupaka ndani ya utando. Ukishakauka, toka nje ya nyumba, funika pua na mdomo, na uupeperushe kwa brashi ambayo hutaitumia tena kwa picha nzima. Wala usifikirie kuiosha picha hiyo: jelatini iliyokwisha kuliwa na ukungu huweza kuyeyuka ikiguswa na maji, na sura ikaondoka nayo.

Ukiona mng'ao wa kibuluu kama wa kioo kwenye sehemu nyeusi za picha ya zamani, hiyo ni fedha iliyopanda juu ya utando. Iache.

Picha iliyojikunja isinyooshwe kwa nguvu, kwani utando wake utapasuka kwa mistari. Hapa hewa yetu, ambayo muda wote huu naishitaki, husaidia: picha ambayo katika nchi kavu ingekuwa ngumu kama ganda, kwetu hulegea kidogo yenyewe. Ilaze kati ya karatasi mbili nene safi zinazonyonya maji, weka juu yake ubao mwepesi na kitabu kimoja, na uiache kwa siku kadhaa. Ikikataa, iongezee siku na wala si uzito.

Vifaa vya albamu yenyewe

Gazeti likiachwa barazani siku chache hugeuka rangi ya chai. Karatasi yake imetengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, na lignini hiyo hubadilika na kuzaa asidi. Karatasi ya aina hiyo ikigusana na picha kwa miaka, asidi huhamia kwenye picha. Manila za rangi zinazouzwa kwa ajili ya skuli zina kasoro hiyo hiyo, na ya pili yake ni kwamba rangi zake hutoka zikipata unyevu. Nimeona picha ya mtoto iliyobandikwa kwenye manila nyekundu ambayo kingo zake zote zimekuwa za waridi.

Kinachotakiwa ni karatasi isiyo na asidi, na iliyo bora ni ile iliyotengenezwa kwa pamba tupu, ambayo wachoraji huitumia kwa rangi za maji, yenye uzito kati ya gramu 200 na 300 kwa mita ya mraba. Kwetu haipatikani kila duka. Mimi huagiza kutoka maduka ya vifaa vya sanaa Dar es Salaam, kwa mtu anayevuka na boti, nikimsisitiza isikunjwe. Bei yake si ndogo. Ndiyo maana nashauri albamu moja iwe ya karatasi kumi na mbili tu, na ziingie humo picha zilizo na thamani kwa kweli, kuliko kujaza kurasa hamsini za karatasi mbovu.

Plastiki ziko za kheri na za shari. Ile laini yenye harufu kali ikiwa mpya, ambayo ndiyo hutumika kwa mifuko mingi ya bei rahisi ya albamu, mara nyingi ni ya PVC, nayo hutoa gesi zinazodhuru picha. Poliesta, polipropilini na polietilini hazina madhara hayo. Hata hivyo, kwa unyevu wa kwetu mimi huepuka plastiki yoyote ile kuugusa uso wa picha, na badala yake hutenganisha kurasa kwa karatasi nyembamba isiyo na asidi. Karatasi ile ya kung'aa kidogo na kupitisha mwanga, iliyokuwa ikiwekwa katika albamu za zamani, nayo hunywa unyevu na kunata, basi usiitumie.

Kwa jalada natumia kitambaa cha marekani, ambacho jina lake lilibaki kwetu tangu wafanyabiashara wa Marekani walipokuwa wakikileta Unguja katika karne ya 19. Ni pamba tupu, hakina rangi ya kutoka, na kinapumua. Ila kikitoka dukani huwa kimetiwa wanga, na wanga ndio wanaoupenda wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kabati. Kwa hiyo kiloweke usiku kucha, kifue kwa sabuni isiyo na manukato, kisuuze mara mbili au tatu hadi maji yatoke safi, kisha ukianike na kukipiga pasi.

Kukijenga kitabu

Kata karatasi zako kwa upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 25. Kata vilevile vipande vya karatasi hiyo hiyo vyenye upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 25, viwili kwa kila karatasi. Vipande hivi hukaa upande wa mshono kati ya karatasi na karatasi, na kazi yake ni kuupa mgongo unene ulio sawa na unene wa picha zitakazoingia. Albamu isiyo navyo ikishajaa picha huachama, vumbi na wadudu wakapata mlango, na picha zilizo katikati zikaminywa.

Kwa majalada tumia kadibodi ngumu mbili, kila moja kubwa kuliko karatasi kwa nusu sentimita juu, chini na upande wa mbele. Katika jalada la mbele kata ukanda wa sentimita 3 upande wa mshono, uache mwanya wa nusu sentimita kati ya ukanda huo na sehemu iliyobaki, halafu uvifunike vyote viwili kwa kitambaa kimoja. Mwanya huo ndio utakaokuwa bawaba. Kadibodi karibu zote zina asidi, kwa hiyo ndani ya jalada bandika karatasi ya pamba, na usiweke picha kwenye ukurasa unaogusana na jalada.

Toboa matundu matatu kwa umbali wa sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, kupitia majalada, karatasi na vipande vyote, kisha shona kwa shazia na uzi mnene wa pamba, ukimalizia kwa fundo linalofunguka. Pini za stepla, klipu na skrubu za chuma cha kawaida visitumike. Kwa hewa ya bahari vitakuwa kutu kabla ya masika ya pili, na doa la kutu halitoki kwenye karatasi. Fundo linalofunguka lina faida yake: ukurasa mmoja ukiharibika, unautoa na kutia mwingine bila kukigusa kitabu kizima.

Pembe za kushikia

Picha hushikwa na vijimfuko vinne vya karatasi, kila kimoja kwenye pembe yake, na gundi inayotumika huwa kati ya kijimfuko na ukurasa, isiiguse picha kabisa. Vinauzwa tayari, lakini kuvitengeneza ni kazi ya jioni moja na watoto huipenda.

Kata kipande cha karatasi nyembamba isiyo na asidi chenye urefu wa sentimita 4 na upana wa sentimita 2. Kilaze mbele yako, upande mrefu ukiwa juu. Weka kidole katikati ya ukingo wa juu. Ikunje nusu ya kushoto kuelekea chini mpaka ukingo wake wa juu ulale wima katikati, kisha fanya hivyo kwa nusu ya kulia, na kingo mbili zitakutana. Utapata pembetatu yenye ncha juu na mdomo chini, upande mmoja laini na upande wa pili una mshono. Upande wa mshono ndio unaopakwa gundi na kulala juu ya ukurasa. Upande laini hutazama juu, na pembe ya picha huingia kupitia mdomo.

Ivishe kwanza picha pembe zake zote nne, uiweke mahali unapotaka, utie alama ndogo za penseli kwenye ukurasa, uitoe picha, ndipo ubandike pembe. Acha nafasi ya unene wa ukucha kati ya picha na kila kijimfuko, kwa sababu karatasi hutanuka wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu, na picha iliyobanwa pande zote itavimba katikati.

Gundi nzuri hupikwa jikoni kwa wanga wa ngano na maji, sehemu moja kwa nne, ukikoroga juu ya moto mdogo mpaka ute uwe mzito na upitishe mwanga, kisha uache upoe na uuchuje kwa chujio la chai. Hubanduka kwa maji kidogo hata baada ya miaka mingi. Kwa kuwa wanga huo ni chakula cha wadudu, paka kiasi cha tone tu, weka uzito juu, na uache pakauke usiku mzima kabla ya kuingiza picha. Ukitaka kuepuka gundi kabisa, na picha yako ni imara, chana ukurasa wenyewe kwa mikato minne ya mshazari, kila mmoja wa sentimita 2, na uingize pembe za picha humo. Kwa picha zilizokatika au zenye kingo zinazomeguka njia hiyo haifai. Hizo hukaa katika bahasha ya karatasi ya pamba iliyokunjwa mara nne, bahasha ndiyo ikashikwa na pembe, na nakala yake iliyochapwa ikawekwa juu ili itazamwe. Iliyochanika isiungwe kwa selotepu. Weka vipande vyake pamoja bahashani jinsi vilivyo.

Majina

Nyuma ya picha ya babu yangu kuna mistari miwili ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa wino uliofifia, inayotaja ni nani aliyetumiwa picha ile na kwa salamu gani. Lau ingekuwa imebandikwa, tusingejua kwamba maandishi hayo yapo.

Maelezo mapya yaandikwe kwenye ukurasa chini ya picha, kwa penseli laini. Ukilazimika kuandika nyuma ya picha ya karatasi, andika kwa wepesi karibu na ukingo, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu, kwa sababu ncha ikikandamizwa huchora mfereji unaoonekana upande wa mbele. Picha nyingi zilizochapwa tangu miaka ya 1970 zina mgongo wa plastiki usioshika penseli, hizo ziache.

Kaa na aliye mkubwa wenu akiwa na nguvu na kumbukumbu, na umpe picha moja moja mkononi. Mama mkubwa alinisahihisha picha ambayo sote tulikuwa tukiitaja kwa jina la bibi. "Huyu si bibi yako, mwanangu, huyu ni mdogo wake. Mtazame mkono, hana pete. Bibi yako alikwisha kuolewa mwaka ule." Niliandika jina, nasaba, mtaa, na hilo la pete nikaliandika pia, ili anayekuja baada yangu ajue tulilijuaje.

Mahali pa kuiweka

Tuna desturi ya kufukiza udi kabatini na kutia karafuu au asumini kati ya nguo. Ni desturi njema kwa nguo, ila albamu isiwemo. Moshi wa udi huacha mafuta membamba juu ya kila kitu, na karafuu, ingawa hufukuza baadhi ya wadudu, ina mafuta yanayotia madoa karatasi. Vidonge vyeupe vya kuzuia nondo havifai pia, kwani mvuke wake huathiri plastiki na picha. Kasha la mbao, hata liwe zuri namna gani kwa misumari yake ya shaba, hutoa asidi kutoka kwenye mbao zake. Ukipenda kuiweka humo, itie kwanza ndani ya sanduku la karatasi isiyo na asidi.

Albamu ilazwe chali, isisimamishwe, kwenye rafu ya ukuta wa ndani. Kuta za nje za nyumba za mawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa polepole, na kabati lililoegemezwa hapo huota ukungu kwa nyuma pasipo mtu kujua, basi liache mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Sakafuni kuna mchwa, na juu karibu na mabati kuna joto. Chumba wanacholala watu, chenye madirisha yanayofunguliwa, ni bora kuliko stoo iliyofungwa.

Wengi hutegemea kiyoyozi. Mimi siupangi ulinzi wa picha juu ya umeme, na anayekumbuka Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 atanielewa. Ninachofanya ni hiki: kaskazi inapovuma, katika Januari na Februari, huchagua mchana mkavu, nikaifunua albamu ukurasa kwa ukurasa kivulini kwa saa moja hivi, kisha naiweka ndani ya sanduku la polipropilini lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika, zile chembe zinazonyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu. Sanduku lifungwe siku kavu. Likifungwa siku ya mvua, unyevu umeufungia ndani pamoja na picha. Silika ikishajaa maji huokwa katika oveni kwenye nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu na kutumika tena. Mchele, ambao wengi huupendekeza, hunyonya kidogo sana na huita wadudu. Katikati ya masika hulifungua sanduku kwa muda mfupi tu, siku isiyonyesha, kutazama kipimo na kunusa. Ukungu hunuka kabla haujaonekana.

Jamaa watakuja kuomba picha, kwa arusi, kwa hitima, au kwa kuwa wamekumbuka. Wape nakala iliyochapwa kwenye karatasi ya picha. Akilazimika mtu kuichukua ya asili, itoe kwenye pembe zake wewe mwenyewe, itie katika bahasha kati ya kadibodi mbili, na katika mahali palipobaki wazi ukurasani uandike kwa penseli nani kaichukua na tarehe ngapi. Ikirudi, itazame nyuma na mbele, ipitishie brashi, irudishe katika pembe zake, kisha uyafute maandishi.